Dumu la Maji Meusi

Kiseke, Mwanza
4 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na masikio yamepungua kuvuma. Mimi sijambo, ila usingizi umekuwa mfupi. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu tunaishia kupigiana kelele hadi majirani wanadhani tumegombana. Jirani yako Modesta ataileta akitoka kuuza dagaa sokoni Mwaloni.

Mhandisi wetu, Bi Akumu, amekubali mtambo wa majaribio ufungwe kwako. Ni paneli ya jua kama zile unazozijua, lakini nyuma yake yanazunguka maji yaliyochanganywa na unga laini mno. Mbele ya chembe zake, unywele ni gogo. Maji hayo hunywa joto. Paneli inapoa, inatoa umeme zaidi, na joto linapelekwa kwenye kabati la kukaushia dagaa. Jua likichungulia kidogo kati ya mvua mbili, linatosha.

Mama, mimi ndiye niliyetaja jina lako, nami bado niko kwenye miezi ya kujaribiwa kazini. Mtambo ukiharibika, watasema karani alimpelekea mama yake. Tafadhali, utunze kama mgeni.

Mwanao mtiifu,
Nathaniel


Nansio
3 Aprili 2025

Mwanangu Nathaniel,

Marahaba. Mimi mzima, masikio ndiyo hayo hayo, tumezoeana. Unakula? Modesta anasema shingo yako imekuwa ya korongo.

Mgeni wako ni mzuri. Kila masika huwa nawamwagia kuku dagaa waliooza kwenye chanja. Safari hii wenzangu wameanika, wamenyeshewa. Wangu wamekauka kabatini, ukiwashika wanalia kama karatasi. Chenge wa jirani alikuja kuchungulia, akasema, "Dorcas, siku hizi unafuga jua?" Nikamwambia alete wake, nafasi ipo.

Jambo moja. Lile dumu la akiba aliloniacha nalo fundi Yeremia, niongezee mtambo ukipungua, maji yake ni meusi kama ya mtaro. Nikasikia wakubwa wako wanakuja, nikaona utaaibika. Basi nimeyasafisha, yakatulia, nikamimina mtamboni yale safi ya juu tu. Sasa mgeni anakunywa maji kama sisi.

Mama yako


Kiseke
8 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Umeyasafisha kwa kitu gani? Weusi ule ndio kazi yenyewe. Ule unga ndio unaokunywa joto. Sikukuandikia hilo. Niliona ni jambo la wazi, kumbe lilikuwa wazi kwangu tu.

Vipimo tunavyopokea hapa ofisini vimeshuka, na Bi Akumu anakuja huko keshokutwa. Ameniuliza kama nina habari zozote kutoka nyumbani. Nimesema sina, na barua yako ilikuwa mfukoni mwangu.

Akikuuliza, sema hujui. Sema pengine mtambo umechoka wenyewe. Naomba, mama. Wakiniondoa hapa sijui nitaanzia wapi.

Mwanao


Nansio
12 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nilitumia mlonge. Nilitwanga mbegu nikakoroga, kama nilivyofanya kwa maji yako ya kunywa ulipokuwa mdogo na tumbo halitulii. Uliniambia nimtunze kama mgeni. Mgeni hapewi maji machafu.

Bi Akumu alikuja. Nilimpa kiti, nikamwambia kabla hajauliza. Akashika kichwa.

"Mlonge, mama?"

"Mlonge, mwanangu."

Akaomba glasi na mbegu, akatia maji meusi aliyokuja nayo, tukakaa tukitazama unga ukigandamana na kushuka chini, kama ulivyofanya ndani ya mabomba. Hakunigombeza. Aliuliza ni nyumba ngapi hapa zinasafisha maji hivyo. Nikamwambia, "Nitajie isiyosafisha." Akamgeukia fundi, akasema, "Yeremia, shukuru tulifunga mmoja tu."

Wameufungua, wameupeleka huko Kiseke mabomba yakaoshwe. Hawakusema kama utarudi. Dagaa wa jana wamenyeshewa, na kuku wamefurahi.

Aliniuliza pia kama wewe ulijua. Hapo nikajifanya sisikii. La kwangu nimelisema. La kwako sikuligusa, liko pale pale ulipoliacha. Usiogope sana, baba. Kula.

Mama yako


Kiseke
22 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimekula ugali na sato, nikamaliza, Modesta ni shahidi.

Nilisimama mlangoni kwa Bi Akumu hadi akasema, "Nathaniel, ingia au toka, unanizibia hewa." Nikaingia. Nikamwambia nilijua, na kwamba nilikuomba ufiche. Kisha akasema, "Mama yako alisikia kila neno nililosema siku ile, isipokuwa moja. Nikajua jibu liko kwako."

Miezi yangu ya kujaribiwa imeongezwa, na sina la kulalamika. Halafu akanipa rangi na brashi, akasema niandike kwenye madumu yote maneno ambayo nilipaswa kukuandikia wewe tangu mwanzo. Nimeandika: *Weusi huu ndio kazi. Usisafishe.* Alisoma, akaniambia herufi ziwe kubwa zaidi.

Mtambo unarudi kwako Jumamosi, nami nausindikiza. Mwambie Chenge nafasi kabatini ipo tena, ila asiuze chanja yake bado. Mtungi wa kunywa utie mlonge, nina kiu ya maji ya nyumbani. Yale meusi nitakuja nayo mwenyewe, nimeyapakata melini.

Mwanao,
Nathaniel