Babu Wawili Wanagombea Jina la Mtoto Ambaye Hajazaliwa

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla sijajifungua, maana mimi Maude Ladouceur na mume wangu Étienne Verdon tunatarajia mtoto wa kwanza mwezi wa Machi, na baba yangu Réjean, ambaye hakujaliwa mtoto mwingine ila mimi, ameapa kwamba asiposikia Ladouceur peke yake siku ya ubatizo hatakanyaga kanisani wala nyumbani kwetu, ilhali baba mkwe, Normand, anasema mtoto wa Verdon ni Verdon, na tulipopendekeza majina yote mawili, kama wafanyavyo wengi hapa Louiseville, baba aliguna akasema mwenye majina mawili akioana na mwenye mawili watalazimika kutupa nusu, na itakayotupwa ni yake, "Unataka nife mara mbili, mwanangu?", nikafanya nililofundishwa chuoni, yaani kutafuta ushahidi, nikafuatilia kwenye vitabu vya parokia ndoa moja hadi nyingine kurudi nyuma vizazi tisa, nikitumaini kumpa kila mzee ukoo wake aridhike, kumbe wote wawili wanatokana na Antoine Verdon, askari kutoka Ufaransa ambaye wenzake kambini walimpachika Ladouceur, yaani Mpole, nadhani kwa kejeli kwa kuwa alishtakiwa mara nyingi kwa kupigana, na wanawe wengine wakashika Verdon, wengine Ladouceur, sasa jina ambalo baba analiona la kifahari ni utani wa kambini, mahasimu wawili ni ndugu, na mimi nimeolewa na binamu yangu wa mbali, ingawa nakiri huenda nimekosea, kwa kuwa parokia moja ingeweza kuwa na akina Antoine Verdon wawili, je, niseme au nifiche?

Maude, Louiseville

Bi. Solange anajibu:

Maude, vuta pumzi kwanza, kwa sababu barua yako haikukupa nafasi hiyo. Habari ya ubinamu iache. Vizazi tisa vimepita, na sisi ambao mababu zetu walikuwa wachache kando ya mto huu, tungeogopa ndoa za namna hiyo tungebaki makapera sote. Mimi mwenyewe niliacha kuchunguza ukoo wa marehemu mume wangu nilipofika kizazi cha sita, kwa tahadhari.

Pole kwa kubanwa na wazee wawili. Hata hivyo, nikusute kidogo. Hukwenda parokiani kutafuta mababu. Ulikwenda kutafuta hakimu aliyekufa zamani amwambie baba yako lile unaloogopa kumwambia wewe. Ukimweleza Réjean leo kwamba jina lake ni utani wa askari, atakujibu, "Hata kama ni utani, ni wetu," na sina hakika kwamba atakuwa amekosea.

Sasa nisikilize. Katika vitabu ulivyosoma, bibi zako waliandikwa kwa majina waliyozaliwa nayo hata baada ya kuolewa, ndiyo maana uliweza kuwafuata. Nawe uliolewa ukabaki na lako. Ladouceur si mali ya baba yako aliyokuazima. Umelibeba shuleni, kazini na siku ya harusi. Unampa mwanao jina lako, na Étienne anampa lake. Tena nimeshangaa: mama yako na mama mkwe hawamo kabisa katika barua yako. Nashuku wangeumaliza ugomvi huu mapema, ingawa labda nawapendelea wanawake wenzangu.

Kaeni wawili, mkubaliane, msimwombe mtu ruhusa. Kwa maoni yangu Ladouceur-Verdon linafaa. Mwanao akikua akatupa nusu, atakuwa amefanya walivyofanya wana wa Antoine, na ukoo haukufa. Habari ya Antoine waelezeni wazee baadaye, wakiwa wameshiba, pamoja na mashaka yako yote. Wakianza kubishana nani ametoka kwa mwana mkubwa, mtajua wamekubali undugu.

Na baba yako asipokuja ubatizoni, mpelekee mjukuu nyumbani kwake. Mpe ambebe kwanza, ndipo umtajie jina. Akitaka kufoka, itambidi afoke kwa kunong'ona, asije akamwamsha.