Dakika Mbili za Kiingereza

Jumanne, 14 Mei. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi, lakini mimi nilikuwa natoka jasho.

Mwenzangu, nimeharibu! Ule mtihani wa kuzungumza Kiingereza, ambao nisipoufaulu chuo cha ng'ambo hakinipokei!

Msimamizi alinipa kadi ya mada, akasema nijiandae dakika moja, kisha nizungumze dakika mbili. Nikafumba macho nikaomba. Si unanijua.

Nikaomba kwa sauti. Kwa Kiswahili! Nikawaombea mpaka wanangu na wakwe zao.

Nafumbua macho, kinasa sauti kinawaka taa nyekundu. "Mama, muda umekwisha." Umekwisha! Sijasema hata neno moja la Kiingereza!

Nafasi ya kurudia imebaki moja tu, Ijumaa, kabla chuo hakijafunga maombi. Tangu hapo sikai, sisimami, nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jioni hii nimewasimulia wenzangu wa darasa la Kiingereza; mwalimu wetu kacheka hadi chaki ikamdondoka. "Bibie, Mungu amekusikia, ila si yeye anayesahihisha."

Nikasimama mbele ya darasa zima, nikasema: "Ijumaa nitaomba mlangoni. Nikishakaa kitini, macho wazi, Kiingereza tupu. Nyote ni mashahidi wangu."