Kulia kwa Nani?

Januari 2

Baba, shikamoo.

Natumaini wewe na mama hamjambo na mgongo umepata nafuu. Mimi mzima, ila basi la shule linaninyima raha. Matairi mapya ya mbele yameliwa upande wa ndani, nje bado yana meno yote. Nikilegeza usukani kidogo, gari linakwenda linakotaka lenyewe. Fundi wa hapa anasema ninunue mengine. Jumatatu shule zinafunguliwa, nashusha watoto ule mteremko wenye kona. Simu hazishiki huku, jibu mpe kondakta aliyekuletea barua hii.

Binti yako

Januari 4

Marahaba, mwanangu.

Hatujambo. Mgongo ndio huo huo, tumeshazoeana. Matairi usinunue, gari hilo litayala yote. Pitisha kiganja juu ya tairi: kwenda laini, kurudi kunakwaruza? Basi magurudumu hayatazami njia moja. Nilipolala chini yake likizoni, kichwa cha rodi ya usukani cha kulia kilikuwa kimeanza kulegea. Badilisha hicho, kisha upige alaimenti, magurudumu yanyooshwe sawa.

Baba yako

Januari 6

Mwanangu,

Salamu baadaye. Nilikwambia kulia, sikusema kulia kwa nani! Sisi wa gereji yetu tunahesabu tukiwa tumesimama mbele ya gari, tunalitazama usoni. Ninyi madereva mnahesabu mkiwa kitini. Kulia kwangu ni kushoto kwako. Ukibadilisha kizima, kibovu kitachomoka mteremkoni, na usukani utauzungusha bure. Na hao ni watoto wa watu. Nakaa, nasimama, mama yako anasema nitatoboa sakafu. Usiliwashe mpaka unijibu.

Baba yako

Januari 9

Mwanangu, hujambo lakini?

Jumatatu imepita. Nimeshinda stendi. Kondakta anasema barua yangu ya pili alimwachia muuza duka wa hapo kwako, hajui kama uliipata. Naogopa, mwanangu. Andika hata neno moja.

Baba

Januari 10

Baba, shikamoo.

Hatujambo, mimi na watoto wote. Barua yako ya kwanza niliipata mapema, lakini muuza duka alikuwa msibani, hizi mbili za mwisho nimezipata leo kwa mpigo. Pole sana. Watoto nimewashusha na kuwapandisha, na gari limenyooka, halihangaiki tena.

Fundi wa hapa alianza kufungua upande wa kulia kwangu nikiwa kitini. Nikamwambia, "Siyo huko. Kulia kwa baba ni huku." Akacheka, eti dereva gani hajui kulia kwake. Baba, umesahau nani alikuwa anasimama mbele ya gari akikushikia tochi tangu darasa la pili? Mimi kulia nilijifunzia hapo, na shuleni nilikosea mikono mwaka mzima.

Kichwa cha zamani hicho nimekufungia kwenye kitambaa. Kitikise, kinacheza kama jino la mtoto. Sasa kaa chini, baba, mama apumzike.

Mshika tochi wako