Meno Manne Mazima

Kisiwani Westray, 3 Machi 2011

Mjomba Sigurd,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi miguu ni ile ile. Huu ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hii MS, umenibakishia mguu mmoja wa kutegemea; nikitoka nje ya uwanja ni kiti cha magurudumu. Ila kilichonifanya nishike kalamu ni uso. Jana nilifungua mlango nichukue maziwa, upepo ukanipiga shavu la kushoto, nikaanguka magoti. Ni kama mtu amenichomeka waya wa umeme kwenye taya. Mkate wa shayiri sijautafuna tangu Krismasi, mchuzi nanywa kwa mrija. Simu sikupigii kwa sababu kila neno ninalotamka ni shoti.

Daktari wa upasuaji huko bara alikubali kunipasua, kisha akasita. Kwenye faili langu kuna karatasi ya mwaka 1990: "Mgonjwa huyu hukuza mambo. Maumivu yake hayana chanzo." Walipoinakili, jina la mwandishi lilikatika. Mbwa gani aliandika hivyo? Wewe ndiye daktari wa meno uliyening'oa manne mwaka ule. Mwandikie huyo wa upasuaji kwamba yalikuwa mazima, ajue tatizo ni mshipa wa fahamu wa usoni. Barua moja tu. Orodha yake ya wa kupasuliwa inafungwa mwisho wa Aprili.

Mpwa wako,
Merran

Stromness, 15 Machi 2011

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima kwa kadiri ya mtu wa miaka themanini na saba. Moyo unadunda unapopenda. Pole sana kwa uso. Huku upepo umebomoa banda la majirani zangu, akina Flett, kuku wao wamelala kanisani. Mambo ya meno yale ni ya zamani, na kumbukumbu zangu nilizichoma nilipostaafu. Jaribu skafu ya sufu, na mafuta ya karafuu.

Mjomba wako,
Sigurd

Westray, 21 Machi 2011

Mjomba,

Leo hakuna shikamoo. Karafuu! Mimi ni paja la nguruwe la Krismasi, la kuchomekwa karafuu? Na hiyo skafu, ikinigusa shavu napiga yowe mpaka kondoo wanatimka.

Sikukuomba dawa, nilikuomba ukweli. Nilikaa kwenye kiti chako mara nne. Jino la kwanza lilipotoka ulisema, "Tumemkamata mwizi." La pili, "Kumbe walikuwa wawili." La tatu ulilifunga upesi kwenye kitambaa. La nne ulikuwa unatazama dirishani. Halafu ukamwambia mama pale mlangoni, nami nasikia: "Huyu mtafutie mume, atapona." Miaka kumi kila daktari alinitazama kama mwongo. Nilipoanza kupepesuka, wakasema nalewa.

Nani aliandika karatasi ile? Nijibu hilo, au usiniandikie tena.

Merran

Stromness, 19 Aprili 2011

Merran,

Sikuulizi hali. Naijua, na nimeichangia. Wiki nne nimekaa na kalamu. Daktari wangu anasema sitafika kiangazi, kwa hiyo woga hauna faida tena.

Karatasi ile niliandika mimi. Mbwa ni mimi.

Sisi tulilelewa kung'oa. Mama yako alipokaribia kuolewa, babu yako alimpa zawadi waliyopewa wasichana wengi siku zile: nimng'oe meno yote, aingie kwa mumewe na ya bandia, asije akamsumbua kwa maumivu. Meno ishirini na nane, asubuhi moja, na majirani wakaleta keki. Nikaamini kwamba jino lililotoka halilalamiki.

Ulipokuja umeshika shavu, nikang'oa. Lilikuwa zima, nililiona papo hapo, chini ya taa. Nikang'oa la pili nikitumaini ndilo litakaloniokoa. Baada ya la nne, hospitali iliniandikia kuuliza nimeona nini. Nilikuwa na njia mbili: niseme nimekosea mara nne, au niseme wewe ni mwongo. Nikachagua wewe. Ningeweza kuandika kwamba sikukusudia. Lakini la tatu na la nne nilikusudia.

Leo nimemwandikia daktari wako kila kitu, na sahihi yangu chini. Ndani ya kopo hili la tumbaku mna meno yako. Sikuweza kuyatupa. Hayana tundu hata moja. Mpelekee ayaone.

Msamaha siombi.

Mjomba wako, ukiniruhusu neno hilo,
Sigurd

Westray, 26 Aprili 2011

Mjomba,

Kopo limefika. Nimeyamwaga mezani, nikayapanga kama yalivyokuwa mdomoni. Yalikuwa meno mazuri, shetani wewe. Nimelia, na kulia kunauma, na uchungu huo nao ni wako.

Daktari amesoma barua yako. Nitapasuliwa tarehe 12 Mei. Miguu haigusi, hiyo haina fundi. Lakini uso, anasema, huenda ukatulia.

Usijifariji, sijakusamehe. Nina maneno ya miaka ishirini na moja ambayo taya hili limenifungia, na karatasi haiyatoshi. Feri ya kutoka bara inashusha watu hapo Stromness, chini ya dirisha lako. Nikishapasuliwa, nitasukumwa kwenye kiti changu cha magurudumu mpaka kando ya kitanda chako, nikutukane kwa mdomo wangu mwenyewe, polepole, neno kwa neno.

Kwa hiyo usithubutu kufa kabla sijafika.

Mpwa wako,
Merran