Malimau Chini ya Mizinga

Jumatano, 4 Januari 1850
Merikebu yetu Panagia imejaa malimau pomoni, upepo mzuri, na mume wangu amekaa jikoni anakula zeituni! Nikamwambia: Anargyros, tweka tanga leo, wanunuzi wa Smirna wanasubiri. Akanitazama kama nimemtukana. Akasema: Nahodha gani wa kisiwa chetu cha Poros huondoka kabla padri hajatupa msalaba majini siku ya Epifania? Bahari haijabarikiwa, mke wangu. Keshokutwa. Nikamjibu limau haliogopi shetani, linaogopa kuoza. Akacheka, akanilisha zeituni. Hasira zikaniisha.

Ijumaa, 6 Januari
Msalaba umetupwa, vijana wameupigia mbizi, wametoka wanatetemeka. Anargyros tayari anaelekea merikebuni. Mara — meli za Waingereza! Mizinga nje. Marufuku chombo chochote cha Mgiriki kutoka.

Mwalimu wa shule akatueleza gatini: raia wao mmoja alivunjiwa nyumba Athene, sasa wanamdai fidia mfalme wetu. Shemeji yangu Stamatis akamkatiza. Fidia wapi, mwalimu! Wanataka mfalme ajue bahari ni ya nani. Tazama pamba yao inavyopita, na malimau yetu yamezuiwa! Kweli, meli yao ya biashara ilipita polepole, inaringa.

Anargyros akaenda kukagua kamba za merikebu. "Nilikwambia" ilikuwa mdomoni mwangu kabisa. Nikaimeza.

Jumapili, 8 Januari
Wameikamata Panagia! Wameitia nanga mbele ya mji, chini ya mizinga yao. Mabaharia wote wameshushwa. Anargyros kagoma — kajifunga mlingotini kwa mshipi wake mwekundu! Ofisa wao kacheka, kamwacha hapo. Mjinga wangu huyo. Najua hatuna mali nyingine. Lakini mume pia ninaye mmoja tu.

Jumatano, 11 Januari
Harufu ya malimau inaingia dirishani. Yameanza kuoza.

Stamatis kampelekea mkate kwa mashua. Anasema nahodha ana homa, na kushuka hataki: akishuka tu, merikebu itaonekana haina mwenyewe, wataivuta hadi kisiwa cha Salamina, wanakokusanya vyombo walivyokamata. Kanitumia salamu: mwambie mke wangu alisema kweli, ila asivimbe kichwa.

Nimecheka mpaka nikalia.

Nimefunga mablanketi, kuku, chungu. Stamatis yuko chini na makasia, anapiga kelele: shemeji, si ulisema unampelekea supu tu? Kwani unahama?

Nahama, ndiyo! Merikebu ikitaka mwenyewe, itapata wawili. Kule kwenye sitaha ya meli yao ofisa ameinua darubini, anatazama huku kwetu. Na atazame. Nimechuma limau moja zima kwenye mti wetu, la supu ya mume wangu. Stamatis anaita tena —