Cherehani Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 3 Machi
Kibaraza nilichokuwa nashonea kimebomolewa asubuhi. Barabara inapanuliwa. Tingatinga halina haya! Nilidhani nitalia, kumbe nilikuwa nawaza tu nimeiacha wapi pasi. Sasa niko ghorofa ya pili, jengo jipya la vioo. Chumba changu peke yangu, mlango wa kufunga! Wifi yangu alipanda akihema, akasema wateja wangu wote magoti mabovu. Nikamwambia aache uchuro.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna mtu. Nimeshona mapazia ya kioo cha mbele – marinda mazito, pindo la dhahabu. Mazuri, jamani! Kinyozi wa chumba cha pili kayasifu. Wateja wenyewe ndio sijawaona.

Jumanne, 11 Machi
Kimya. Kaka anasema nikishindwa kodi ya mwezi ujao, nirudi nikashonee sebuleni kwake. Sebuleni! Na wanawe wale, mkasi wakiuona tu wamekata kitu. Afadhali nishonee mvuani.

Ijumaa, 14 Machi
Mjinga ni mimi, na cheti changu cha ushonaji! Nimekutana na mteja wangu wa zamani, yule mwalimu, anashuka ngazi na furushi kwapani. Kumbe alishawahi kuja hadi mlangoni kwangu. Aliona mapazia, akadhani ni chumba cha mtu cha kulala! Akaona aibu kugonga. Kibarazani walikuwa wananiona nikishona, wanasimama, tunapiga soga, ndipo wanakumbuka zipu iliyokufa nyumbani. Huku juu nimejifunika gubigubi, tena kwa mikono yangu. Wifi kacheka mpaka kakaa sakafuni. Nimecheka pia, kwa hasira. Mapazia chini!

Jumatatu, 17 Machi
Kuyatoa mapazia hakutoshi, chumba kiko mwisho wa korido. Basi nimeitoa cherehani yenyewe, nikaiweka ngazi zinapoishia. Anayepanda lazima anisalimie. Sketi, suruali, sare za shule – zimeanza kuja! Nimefurahi hadi nimejichoma sindano. Mlinzi, tunamwita Kanuni, akaja mbio: korido si mahali pa biashara. Nikamuuliza kama korido imelalamika. Hakucheka. Anakwenda kumwambia meneja wa jengo.

Jumatano, 19 Machi
Kinyozi naye katoa kiti chake nje. Wifi kaleta benchi. Watu wamekaa, wanabishana, wanacheka – mtaa umepanda ghorofani!

Naandika haraka. Meneja anapanda, Kanuni yuko mbele, kifua mbele. Wifi ananinong'oneza niingize cherehani ndani. Siingizi. Naogopa, lakini siingizi.

Amefika. Katazama benchi, katazama cherehani. Kafungua mfuko wake, katoa koti lililochanika bitana. Anauliza wa mwisho ni nani. Mwalimu kanyoosha mkono. Meneja kaketi ubavuni mwake. Kuhusu korido hajasema neno, na Kanuni bado amesimama anasubiri aliseme.

Na asubiri. Hata meneja mwenyewe anasubiri zamu yake.