Gari ya Gordon Yakwama kwa Mama Mkwe

Achola wacha kila kitu usome hii. Mbavu zinaniuma.

Unajua ile gari ya stima ya shemeji Gordon, ile alisema sisi watu wa petroli tunanuka? Jana aliipeleka kwanza Luanda Kotieno kuringia marafiki, ndio akaja kwa Mama hapa Kombewa jioni kula kuku. Ilifika chaji imeisha kabisa.

Akachomeka kwa soketi ya Mama. Stima ya huku ni dhaifu, gari ikamwambia chaji ya kufika Kisumu itatosha kesho. KESHO! Na mkwe halali kwa mama mkwe, hata mvua inyeshe mawe.

Akaomba alale ndani ya gari. NDANI YA GARI, Achola! Mama akamwangalia vile anaangaliaga kuku mgonjwa. "Na gari iko wapi? Si ni kwa boma yangu? Mkwe, nenda."

Akapanda boda boda na suti yake nyeupe. Dada yangu Beldina, bibi yake mwenyewe, akampungia mkono akiwa ameshika paja la kuku.

Saa hii amerudi, vumbi mpaka kwa nyusi. Amewasha gari. Haina kitu! Waya imekunjwa vizuri chini ya kiti cha Mama.

"Mama, ulichomoa?"

"Jana, ulipotoka tu. Wewe nikufukuze, halafu gari yako ikunywe stima yangu usiku kucha? Na leo jua likizama nisiione hapa."

Amechomeka tena. Gari imemwambia kesho.

Mama ametoa kiti nje. Anaangalia jua.